Majoho Yaliyoishia Magotini

"Kumi na moja," Bosi alisema, akaigonga reli ya chuma kwa rula yake. "Kumi na moja, Afande, na yote yanaishia magotini. Hayo ni majoho ya mahafali au jezi za mpira?"

Afande alishika joho la kwanza, la rangi ya damu ya mzee, akaligeuza ndani nje na kulisogeza dirishani. Kazi ya polisi alikuwa ameiacha zamani, ila watu hawakuacha kumwita Afande, na mwishowe alichoka kuwasahihisha. Siku hizi alipeleleza mambo ambayo wenyewe wanaona aibu kuyapeleka kituoni.

Alipitisha kidole kwenye pindo. Mshono ulikuwa umenyooka, uzi ni wa siku moja na mishono mingine, na pasi ilipita vizuri. Hapakuwa na alama ya pindo la zamani lililofumuliwa.

"Halikupunguzwa baadaye," alisema. "Hili lilizaliwa fupi."

"Ndicho ninachokwambia. Lilizaliwa pale mezani, na hapa mkataji ni mmoja."

"Shangazi."

"Kila mtu anamwita Shangazi. Kwangu ni wifi." Bosi aliitamka 'wifi' haraka, kama anayemeza kidonge. Marehemu mumewe ndiye aliyewaachia karakana hii ya ushonaji, na dada wa huyo mume alishika mkasi humu kabla mlangoni hapajawekwa hata kibao.

Afande aliomba aelezwe tangu mwanzo, na Bosi akaeleza. Chuo cha wauguzi kiliagiza majoho mia na ushee. Mahafali ni keshokutwa. Jana majoho yalipelekwa yakajaribiwe, na leo alfajiri kumi na moja yamerudishwa.

"Na yote ni ya warefu. Umenisikia? Wafupi hawakuguswa, wa wastani hawakuguswa. Warefu tu, ili jukwaani waonekane vizuri na nichekwe na mji mzima. Yeye anasema alikosea tu, lakini huo ni ubaya wa makusudi. Na juzi wifi yangu kaonekana amekaa na yule fundi wa mtaa wa pili, anayenipokonya wateja. Wamekunywa chai. Wamecheka."

"Kucheka si kosa."

"Kucheka na yule ni kosa."

Juu ya meza ya Bosi palikuwa na barua ya kumfukuza mtu kazi. Ilikuwa imechapwa, imepigwa muhuri, imebaki sahihi tu.

"Jioni naisaini," Bosi alisema. "Nataka uniambie kama nimfukuze tu, au nimfukuze na kumshtaki."

"Umeshaamua, sasa mimi umeniitia nini?"

Bosi aliipanga upya rula mezani, ingawa ilikuwa imenyooka. "Tafuta tu, Afande. Tafuta vizuri."

Afande aliyajua macho yale. Ni ya mtu anayekulipa umtafutie ukweli huku akiomba Mungu uukose.

Meza ya kukatia ilichukua nusu ya chumba cha nyuma. Shangazi alisimama nyuma yake, mfupi, wa mviringo, tepu ya kupimia ikiwa shingoni kama daktari aliyetoka wodini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza."

"Usijichoshe, mama. Nilikata vibaya. Andika hivyo ukapumzike."

Afande alitumia nusu ya maisha yake kuwakamua watu maungamo. Ungamo linalokuja lenyewe alilipokea kama anavyompokea samaki wa bei rahisi mno: kwanza alimnusa.

"Ulikosea vipi?"

"Kama watu wanavyokosea. Macho. Uzee."

"Pole." Afande aliokota kipande cha kitambaa sakafuni, akakitandaza mezani. "Hebu nikatie sentimita arobaini. Bila tepu."

Shangazi alikitazama kile kipande. Angeweza kukataa. Angeweza hata kukata ovyo. Lakini mkono una fahari yake, na haukungoja ruhusa ya mwenyewe. Mkasi ulipita mara moja. Afande akaivuta ncha ya tepu shingoni mwa Shangazi, akapima: arobaini, wala uzi haukuzidi.

"Macho mazuri kwa mzee," alisema.

"Wewe ni mjanja," Shangazi alisema, akaweka mkasi chini mbali kidogo, kana kwamba ndio uliomsaliti.

"Ulikata kwa kufuata karatasi ya vipimo kutoka ofisini. Iko wapi?"

"Nimeitupa."

Nyuma yake, kwenye msumari ukutani, zilining'inia karatasi za vipimo za kazi zote: mapazia ya wateja waliokwisha hama, sare za shule iliyokwisha kufungwa. Rundo lilikuwa nene kama godoro.

"Zote hizi umezitunza, ukaitupa ya juzi?"

Shangazi akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa.

"Haya, na fundi wa mtaa wa pili? Mnacheka nini?"

Hapo Shangazi alicheka kweli, mpaka tepu ikamdondoka. "Yule mzee anataka kunioa!"

"Kukuoa?"

"Ameniuliza mara tatu. Nikamwambia, baba, mimi meza hii inanitosha. Ni ngumu, lakini haikoromi."

Afande aliandika: *fundi wa mtaa wa pili, posa, futa*. Alipoinua kichwa, Shangazi alikuwa hacheki tena. Alikuwa akitazama kupitia kioo cha ofisi ndogo, kwa jicho la mtu anayemwangalia mtoto akivuka barabara. Ndani alikaa mwanamke kijana, mbele ya kompyuta, mikono mapajani, chai yake imefanya utando.

"Yule ni nani?"

"Karani. Mtoto wa wifi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Ndiye wa pekee. Nimemlea mimi, mama yake akihangaika na wateja. Ndoa imemshinda, karudi nyumbani majuzi. Mama yake kampa kazi, na neno juu yake: ukikosea mara moja, utoke."

"Kwa hiyo angekosea yeye..."

"Hakukosea. Nimeshakwambia ni mimi."

Afande alifunga kitabu chake. Alijua sasa nani analindwa. Hakujua huyo anayelindwa alifanya nini, wala kwa nini warefu tu. Bila hilo, Bosi angebadilisha jina kwenye barua, basi.

Chuoni, alikokwenda na yale majoho kumi na moja, wanafunzi walimpokea kwenye chumba cha mazoezi, kati ya vitanda vitupu na mwanasesere mmoja aliyefungwa bandeji kichwa kizima. Kiongozi wao alikuwa kijana mwembamba waliyemwita Mlingoti. Alikuwa amevaa joho lake kwa ajili ya ushahidi, magoti nje.

"Niambie ukweli, Afande," alisema. "Keshokutwa napokea cheti au napiga penalti?"

"Simama wima, acha masihara. Nani anayekuzidi urefu hapa?"

Wenzake wakamsukuma mbele kijana mwingine, aliyeinama kidogo mlangoni kwa mazoea. Afande akamwambia avae joho lake. Likamshuka hadi vifundoni, safi, kama la askofu.

Afande alilizunguka lile joho mara mbili. "Huyu ni mrefu kuliko nyote. Mtu mwenye chuki na warefu, huyu amemsamehe kwa lipi?"

"Labda kwa sura," mmoja alisema nyuma, na chumba kikacheka.

Ukutani palikuwa na kipimo cha urefu, kile cha kushusha kibao mpaka kikuguse utosi, chenye futi na inchi upande mmoja. Afande aliwaita wenye majoho mafupi, wote kumi na moja, wavulana na wasichana, wapite mmoja mmoja. Mlingoti akaanza. Futi tano, inchi kumi. Akaja wa pili: futi tano, inchi kumi. Wa tatu pia. Alipofika wa sita kibao hakikuhitaji hata kusogezwa, na hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Wa inchi tisa yuko?" Afande aliuliza.

Akajitokeza msichana. Joho lake lilimkaa sawa. Akaja mwingine wa inchi kumi na moja. Nalo sawa.

Afande alipiga magoti sakafuni na tepu, akapima pengo la kila joho fupi, kutoka lilipoishia hadi lilipopaswa kufika. Inchi tisa. La pili, inchi tisa. Alipomaliza aliinuka polepole, akashika ukingo wa kitanda, maana magoti yake nayo yalikuwa na maoni.

Mkono wa mtu ukikosea hukosea ovyo, huku inchi mbili, kule saba. Mkono wa mtu mwenye nia mbaya nao huchagua sura, jina, adui. Makosa haya yalikuwa yamepanga foleni kama askari wa gwaride. Aliyeyafanya hakuwahi kuwaona wanafunzi hawa. Aliona namba tu, tena namba moja.

"Vipimo aliandika nani?" aliuliza.

"Mimi," Mlingoti alisema. "Tulipimana hapahapa. Kila mtu na urefu wake: tano nukta nane, tano nukta kumi. Futi, nukta, inchi. Ndivyo tunavyoandika sote, tangu mwaka wa kwanza."

"Nakala unayo?"

Alikuwa nayo. Afande aliipitia chini mpaka juu. Ilikuwa sahihi yote.

Karani alisimama alipomwona Afande mlangoni, ametoka kuyarudisha majoho kwenye reli. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaa. Nataka uniandikie hivi vipimo mbele yangu, kama ulivyoviandika siku ile."

"Niliviandika kama vilivyo. Nimevihakiki, wallahi, kwa kidole, mstari kwa mstari. Nimevirudia tena leo asubuhi. Siwezi kuona kosa."

"Sijasema lipo. Andika."

Jedwali likafunguka. Safu ya kushoto ilingoja futi na inchi, ya kulia ilitoa sentimita, kwa sababu Shangazi alikata kwa sentimita. Karani alieleza kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu. Fomula aliitunga mwenyewe. Inachukua kilicho kabla ya nukta kama futi, kilicho baada ya nukta kama inchi, inageuza, inajumlisha.

"Nani kakufundisha?"

"Nilihangaika nayo mpaka ikakubali. Nikaijaribu kwa urefu wangu na wa shangazi. Ilitoa sawasawa."

"Vizuri. Andika tano nukta tisa."

Kulia pakatokea 175. Afande akapiga hesabu pembeni kwa kalamu: sawa.

"Tano nukta kumi na moja."

180. Sawa.

"Sasa Mlingoti. Tano nukta kumi."

Vidole vya Karani viligonga 5, nukta, 1, 0. Akabonyeza kitufe cha kuingiza, macho yake yakiwa tayari kwenye karatasi kutafuta mstari unaofuata. Lakini Afande hakuwa akitazama karatasi. Alikuwa akitazama kioo cha kompyuta.

"Rudia."

Karani akarudia.

"Sufuri imekwenda wapi?"

"Ipi? Ah, hiyo. Huwa inaondoa sufuri ya mwisho yenyewe, kwa kuwa haina..." Karani alikisogelea kioo. Kwenye kisanduku palikuwa na 5.1. Kando yake, safu ya kulia, 155.

Cherehani za chumba cha pili zilisikika zikikimbia.

"Kwa wale wanafunzi, nukta ni ukuta kati ya futi na inchi," Afande alisema. "Kompyuta haijui hilo. Kwake hiyo ni desimali, na sufuri ya mwisho kwenye desimali ni mzigo mtupu, inaitupa nje. Halafu fomula yako inakuja, inakuta moja nyuma ya nukta, inasoma inchi moja. Kutoka kumi hadi moja ni ngapi?"

"Tisa," Karani alinong'ona. "Wa inchi tisa akapona. Wa kumi na moja akapona. Na mimi nilijaribu... mimi na shangazi hakuna mwenye inchi kumi." Akafunika uso. "Mungu wangu, shangazi."

"Usilie kwanza, sijamaliza. Dhana ambayo haijajaribiwa ni umbea tu. Kama tuko sahihi, kosa hili halijali mtu kuwa mrefu. Litamkamata yeyote mwenye inchi kumi." Akateremsha kidole kwenye karatasi ya Mlingoti, taratibu, hadi karibu na mwisho. "Huyu hapa. Nne nukta kumi. Huyu hakurudisha joho."

Alimpigia Mlingoti simu. "Mtafute mwenzenu wa nne nukta kumi. Muulize joho lake linamfika wapi. Usimcheke."

Walingoja. Karani aliivuta chai yake, akaisukuma. Simu ilipolia Afande aliiweka mezani ili wote wasikie.

"Afande, umejuaje?" Mlingoti hakuwa na masihara sasa. "Linamwishia magotini. Anasema alidhani wamemshonea hivyo kwa sababu ni mfupi. Amezoea nguo kumkataa, akaona aibu kulalamika. Alikuwa anapanga avae soksi ndefu."

"Mwambie avumilie kidogo. Atavaa joho lake."

Afande akakata simu. Karani alikuwa amekwisha pangusa uso na kusogeza kiti. Aliigawa ile safu ya kushoto kuwa mbili: moja ya futi, moja ya inchi, kila namba na kisanduku chake. Futi mara kumi na mbili, jumlisha inchi, zote mara mbili nukta hamsini na nne. Akaandika tano huku, kumi kule. Safari hii kumi ilibaki kumi. Kulia pakasomeka 178.

"Huyo ndiye Mlingoti," Afande alisema. "Twende kwa mama yako."

Shangazi aliitwa. Karani alisimama karibu na mlango, mkoba begani. Bosi alikuwa na kalamu mkononi na ile barua mbele yake. Afande alieleza yote bila kupamba: ukutani chuoni, inchi kumi, sufuri, msichana wa futi nne.

"Hakuna aliyekuhujumu," alimaliza. "Fundi wa mtaa wa pili naye hana habari na majoho yako. Anataka kumuoa Shangazi."

"Kumuoa nani?"

"Mimi," Shangazi alisema. "Kwani nina kasoro gani?"

Bosi akamgeukia bintiye. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mama. Shangazi alikata alichoandikiwa."

"Na wewe ulijua?" Bosi alimuuliza wifi yake.

"Waliporudisha majoho nilitazama karatasi yangu. Imesema mia hamsini na tano. Nikajua mtoto kateleza. Nikaichoma."

"Ukaja hapa ukaniambia ni wewe!"

"Ungemfukuza."

"Ningekufukuza *wewe*!"

"Mimi nimezoea. Umenifukuza tangu kaka yangu yu hai. Leo unanifukuza, kesho unatuma mtu uulize mkasi mkubwa nimeuweka wapi."

"Safari hii nina barua!"

"Nimeiona. Mwaka wa kuanza kazi umekosea."

Afande alikohoa, maana mtu mzima hachekei nyumba ya watu. "Na wewe Shangazi, uongo wako umenimalizia asubuhi. Hiyo karatasi uliyoichoma ndiyo iliyokuwa ikikutetea. Ungenionyesha, ningewauliza ofisini mapema, na huyu mtoto asingelia mpaka chai ikapoa. Mapenzi mengine yana gharama, mjue."

Shangazi alitazama chini. Hilo lilimwingia.

Karani akaushika mlango. Bosi akasema bila kumtazama, "Unakwenda wapi na huo mkoba?"

"Ulisema nikikosea mara moja..."

"Najua nilichosema, nilikisema mimi." Bosi aliweka kalamu chini. Aliinama, akalitazama jina lililokuwa kwenye barua, jina kamili la wifi yake, ambalo humu ndani hakuna aliyelitumia. Alilitazama sana. "Majoho mia na zaidi, na kesho yanatakiwa. Nani atayapitia mengine yote kwa hiyo hesabu mpya? Mimi? Mimi hata kuiwasha hiyo mashine siwezi. Weka mkoba."

Karani akauweka.

Kisha Bosi aliinuka, akavuta joho la kwanza kutoka kwenye reli. Kitambaa kilibaki cha kutosha kwenye jora, na kila joho lilihitaji utepe wa inchi tisa kwa chini, ushonwe kama urembo. Ili kulipa joho nafasi aliondoa barua mezani, akaitia kwenye pipa pamoja na vinyuzi. Akachukua wembe, akakaa, akaanza kufumua pindo. Miaka yote hii alikuwa akitoa amri, hakuwa akishona, na mikono yake ilisahau. Uzi ulikatika vibaya. Akajaribu tena, shingo imeinama, masikio yamemwiva.

Afande aliuchukua mkoba wake lakini hakuondoka. Alimtazama Shangazi, naye Shangazi alikuwa akimtazama wifi yake, mikono kiunoni, kama anayehesabu moyoni.

Uzi ukakatika mara ya tatu.

"Unafumua kama unanyonyoa kuku," Shangazi alisema. "Sogea huko."

Bosi akasogea.